Hita ya Kombi na Jiko la Shangazi

Mpwa wangu wa Arusha ameamua kuigeuza Land Cruiser yake kuwa gari la kulala wageni. Ameshaweka kitanda, friji ndogo na jiko la gesi, na sasa amenunua hita ya dizeli iliyotoka China ndani ya boksi lenye picha nyingi na maelekezo machache. Wageni wake hupenda kulala Simba, ile kambi ya umma iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na mtu yeyote aliyewahi kulala pale mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa kwa nini kijana anatafuta joto. Akanipigia simu: "Mjomba, si wewe uliwahi kufunga hita kwenye Kombi huko Ujerumani? Nipe njia ya mkato."

Njia ya mkato sina. Nilimwambia asitoboe bodi mpaka nimwandikie. Nilipokaa kumwandikia, nikaona kwamba habari ya bomba na waya haiwezi kueleweka bila kusimulia Kombi yenyewe, na Kombi nayo haiwezi kusimuliwa bila kufika Njombe, nyumbani kwa shangazi yangu, ambako hakuna Kombi wala hita.

Hannover nilikwenda kikazi, nikiwa fundi umeme wa malori. Ndiko Kombi za Volkswagen zilikotengenezwa kuanzia mwaka 1956, baada ya kiwanda cha Wolfsburg, kilichoanza kuzitoa mwaka 1950, kuzidiwa na maombi. Mjini mle kila mzee ana habari zake za Kombi, na ukimwonyesha kuwa na wewe unaijua, umeshapata rafiki. Mimi niliijua tangu utotoni. Misheni ya kwetu ilikuwa nayo moja, ya rangi ya maziwa, na sauti yake ilifika kijijini kabla yenyewe haijaonekana kwenye kona. Kwa hiyo nilipokuta moja inauzwa, ya mwaka 1976, injini ya 1600 yenye nguvu za farasi 50, sikubishana sana na muuzaji. Ndani ilikuwa imepangwa na Westfalia, ile kampuni ya Wiedenbrück iliyokuwa ikiweka vitanda na makabati ndani ya Kombi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kulikuwa na sinki, meza ya kukunja, na paa linaloinuka ukilisukuma kwa mabega.

Kiangazi ilitutosha. Baridi ilipoanza, tukaifahamu upya.

Injini ya Kombi ile haina rejeta wala maji. Inapozwa kwa hewa. Feni inayozungushwa na mkanda inavuta hewa kutoka ndani ya chumba cha injini na kuipuliza juu ya silinda. Sehemu ya upepo huo hupitishwa kwenye maboksi mawili ya bati yanayozunguka mabomba ya ekzosi. Hewa inapashwa humo, kisha inasafiri chini ya sakafu kutoka nyuma kabisa hadi mbele kwa dereva. Gari lina urefu wa mita nne na nusu hivi, na bomba hilo linapita nje, penye upepo, matope na theluji. Joto likifika miguuni kwa dereva limebaki jina. Ukisimama kwenye foleni injini inazunguka polepole, feni nayo inalegea, hata hilo jina hulipati. Ukizima injini ili ulale, hakuna kitu.

Safari moja tulipanda milima ya Harz mwezi wa Januari. Mke wangu alikaa mbele amejifunika blanketi na kitenge juu yake, mkononi ana kadi ya simu iliyokwisha muda, anakwangua barafu kwenye kioo. Barafu ilikuwa upande wa ndani. Ilikuwa pumzi yetu wenyewe iliyoganda. Nyuma yetu, chini ya kitanda, injini ilikuwa ikiunguza petroli kwa bidii na kumwaga joto barabarani, kwa sababu injini yoyote ya gari hutupa sehemu kubwa ya moto wake nje bila kuutumia. Mtu ananunua petroli, anaiwasha, anakaa mita tatu kutoka kwenye moto huo, na vidole vinakufa ganzi. Tangu siku ile kila ninaposikia mtu analalamika kwamba nyumba yake au gari lake lina baridi, swali langu la kwanza ni moto alionao unapita wapi. Mara nyingi moto upo. Njia ndiyo haipo.

Kabla hatujafika kwenye hita likazuka jambo jingine. Mke wangu akaanza kuumwa kichwa kila tulipopanda milima. Alishuka garini amelegea, akitembea kidogo katika hewa ya nje anarudi kuwa mzima. Nililipeleka gari kwenye gereji ya kujihudumia, zile ambazo unakodi lifti kwa saa na kufanya kazi mwenyewe. Pale palikuwa na mzee mstaafu aliyeonekana kuishi hapohapo. Aliyafahamu magari haya kuliko watu wa dukani. Nilimweleza kwamba nimekuja kutazama mpango wa kuongeza hita. Hakuniuliza habari za hita. Aliuliza nani anaumwa kichwa.

Tukainua gari. Akachukua bisibisi, akaisukuma kwenye boksi la kupashia hewa la upande wa kushoto. Ikaingia kama inaingia kwenye biskuti iliyochovywa chai. Kutu ilikuwa imekula bati, na bomba la ekzosi lililomo ndani lilikuwa na ufa. Maana yake feni ilikuwa ikichukua moshi wa injini pamoja na hewa safi na kutuletea vyote viwili usoni, bure, kwa nguvu zaidi kadiri tulivyokanyaga mafuta kupanda mlima. Mzee alinirudisha nyumbani kwa tramu. Gari likabaki juu ya lifti.

Ndani ya moshi ule kilichotuumiza ni kaboni monoksaidi. Hutokea moto unapowaka bila hewa ya kutosha. Damu yetu ina protini inayobeba oksijeni, himoglobini, na kaboni monoksaidi huing'ang'ania protini hiyo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ikishakaa hapo, oksijeni haina kiti. Mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, na mwili unakosa hewa. Huanza kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa mizito, na mtu anaonekana kama mlevi. Aliye macho anaweza kutoka nje. Aliyelala haamki.

Harufu ya petroli unaisikia, na oili inayodondokea ekzosi inanuka mpaka unasimamisha gari. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, haikwaruzi koo. Ndiyo maana watu huridhika. Wanasema, "Hakuna moshi humu." Kweli hakuna.

Tulibadilisha maboksi yote mawili, na mipira yote ya petroli. Fundi aliyenifundisha kazi Makambako alikuwa na kauli yake: mgonjwa hatibiwi kwa kuvalishwa suti. Mzee wa Hannover hakuwahi kufika Makambako, lakini wangeelewana sana wale wawili. Hita isingefungwa kwenye gari lenye mwanya hata mmoja wa moshi au wa mafuta, na hapo hapakuwa na mjadala.

Kuhusu mipira ya petroli, niseme zaidi kidogo, kwa sababu huku kwetu pia Kombi na Volkswagen Kobe za zamani zimeanza kutafutwa na vijana. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka. Ujerumani ilipoleta petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, mwaka 2011, mingi ya mipira hiyo iliharibika upesi zaidi. Ndani ya chumba cha injini petroli inadondokea kwenye kitu cha moto. Halafu mwili wa injini hizi umetengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesi, metali ambayo ikishika moto haizimwi kwa maji, maji yanauchochea. Nimewahi kuona moja ikiungua kando ya barabara kuu. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye nyasi ameshika ufunguo. Zimamoto waliposhuka, palikuwa pamebaki magurudumu na kitu cheupe kinachong'aa kiasi cha kutoweza kukitazama.

Ndipo tukaanza kutafuta hita. Soko la vipuri kuukuu nililipenda sana kule, na ndiko nilikokutana na hita ya zamani ya Eberspächer, ya petroli, aina ambayo Volkswagen yenyewe iliwafungia wateja waliolipia zaidi. Muuzaji aliiunga kwenye betri juu ya meza, ikanguruma, watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni. Mzee akainama kutafuta kibati cha mwaka. Watengenezaji wa hita hizi huko Ujerumani huandika kwamba kiini chake, ile sehemu inayotenga moto na hewa ya watu, kitumike kwa miaka 10 isiyozidi, kisha kibadilishwe kwa kipya halisi. Ile ya mezani ilikuwa na umri unaonikaribia mimi. Mngurumo unathibitisha kuwa moto unawaka. Kama ukuta ulio kati ya moto na mapafu yako bado ni mzima, mngurumo hausemi.

Hapa kuna jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka. Kampuni mbili zilizotawala biashara hii ya hita za magari zote zilianzia mji mmoja mdogo, Esslingen, kando ya mto Neckar. Jakob Eberspächer alikuwa fundi bati, akafungua karakana yake pale mwaka 1865. Mwaka 1901 Wilhelm Baier akaanzisha kiwanda chake mjini humohumo, kisha akahamia Stockdorf karibu na München, na kutokana na jina lake na la kijiji hicho likapatikana jina Webasto. Fundi bati na bidhaa za waya na chuma. Hakuna aliyeanza na hita. Waliokuja baadaye ndio waliotumia ujuzi uleule, wa kukunja bati na kulifunga lisivuje, kuweka moto ndani ya gari.

Nikanunua mpya, ndogo, ya petroli, yenye nguvu ya kilowati 2. Mke wangu alisoma bei mara mbili, akaenda kupika chai. Ikiwaka kwa nguvu zote inakula kama robo lita kwa saa, na inavuta petroli moja kwa moja kutoka tangi la gari. Ndiyo sababu ya kuchagua ya petroli: hita ya dizeli ndani ya gari la petroli inakudai tangi la pili, na gari dogo halina nafasi ya tangi la pili.

Hita ya namna hii ina matundu manne, na kazi yote ya kuifunga ni kuyaheshimu. Mawili ni ya moto: moja linavuta hewa ya kuunguzia, jingine linatoa moshi. Mawili ni ya watu: moja linavuta hewa ya kupashwa, jingine linaipeleka ndani. Katikati pana ukuta wa alumini; joto linaupita, moshi haupiti. Ni hewa mbili zinazotembea bega kwa bega bila kukutana. Ukizichanganya popote, hata kwa mwanya wa kupitisha sindano, umejenga mtambo wa kuua watu wako usingizini.

Tuliamua kuiweka kwenye chumba cha injini, upande wa kushoto, kwa sababu kulia panakaa betri na chini ya gari kuna matope na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Mtu asiyejua Kombi anaweza kukiona chumba kile kama stoo tu. Lakini kumbuka feni. Hewa yote iliyomo mle inavutwa na feni, inapita juu ya silinda, na sehemu yake inaishia kwenye maboksi ya kupashia na kuletwa kwa dereva. Ukifunga hita mle na kiungo cha bomba lake la moshi kikavuja kidogo, feni inayachukua mavujo hayo na kukupelekea mbele. Vilevile ukiiacha hita ivute hewa ya watu kutoka chumba kile, itabeba mvuke wa petroli ya kabureta na kuupuliza kitandani. Ukiiacha ivute humo hewa ya kuunguzia, itagombania hewa na feni kubwa ya injini, nayo feni itashinda, moto utasongwa, na moto uliosongwa ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi.

Kwa hiyo bomba la hewa ya kuunguzia na la moshi yote mawili yalishuka kupitia tundu la sakafu ya bati na kutoka nje kabisa, chini. Hewa ya watu tuliichukua kutoka ndani ya gari kwenyewe, kwa tundu katika ukuta unaotenga kitanda na injini, na kuirudisha humohumo ikiwa na joto. Kutoboa kwenyewe kulichukua muda mfupi. Kilichochukua muda ni kingo za tundu: mzee alizisugua kwa tupa mpaka unaweza kupitisha kidole cha mtoto bila kukikata, akazipaka rangi ya kuzuia kutu, akasubiri ikauke, akaweka pete ya mpira, kisha akaziba pande zote. Mpira huo una kazi mbili. Unazuia moshi kupanda, na unazuia joto la chini ya injini kurudi juu kwenye hewa ya kupozea, maana injini hii ikipozwa kwa hewa ambayo tayari imechemka, inakufa.

Bomba la moshi lililazwa mbali na mpira wa petroli, likaishia ubavuni, upande usio na mlango. Halikuishia nyuma, kwa sababu gari linapokimbia hewa huzunguka pale kwenye mkia na kuvutwa ndani kwa mlango wa nyuma usiofunga vizuri, na Kombi yenye mlango wa nyuma unaofunga vizuri bado sijaiona.

Kabla ya kuwasha, mzee aliziba mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa, akaunga pampu ya baiskeli upande wa pili, akanipa brashi na bakuli la maji ya sabuni. Yeye anapuliza, mimi napaka kila kiungo. Kiungo kimoja kikatoa povu dogo, viputo vitatu vinne vikapanda polepole. Tukakikaza kwa klampu nyingine. Tukarudia mpaka sabuni ikatulia.

Kisha tukawasha. Taa zikafifia, kwa sababu plagi ya kuwashia huvuta umeme mwingi mwanzoni, ampea nane au zaidi. Pampu ndogo ya mafuta, tuliyoining'iniza kwenye mpira ikiwa imeinuka upande wa kutolea ili hewa isinase ndani, ikaanza kugonga tik, tik, tik. Wingu jeupe likatoka ubavuni. Halafu wingu likaisha, ikabaki sauti ya upepo, na ndani ya gari, kwenye kitundu kilicho chini ya kitanda, hewa ya moto. Mke wangu alivua soksi palepale. Swali lake lilikuwa kama hiyo tik tik itaendelea usiku kucha. Ilielekea hivyo, na baada ya siku chache hatukuweza kulala bila kuisikia.

Mkaguzi wa magari alikuwa kijana aliyevaa koti safi, akalala chini nalo. Hita za kuunguza mafuta zina kanuni yake ya Umoja wa Mataifa, namba 122, na moja ya amri zake ni kwamba mdomo wa moshi uwekwe mahali ambapo moshi hauwezi kuvutwa ndani kwa dirisha, kwa tundu la hewa au kwa njia ya hita yenyewe. Akafuata bomba kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Akatazama alama ya idhini iliyogongwa kwenye hita. Alipoinuka aliuliza kama tunalala ndani, na kama tuna king'amuzi cha kaboni monoksaidi. Akaongeza kwamba hilo la mwisho halimo kwenye karatasi yake, anauliza tu. Kilikuwepo, ukutani karibu na mto, cha aina iliyopimwa kwa ajili ya magari ya kulala na mashua. Akakibonyeza, kikalia, akagonga muhuri.

Nilijifunza pia kutokana na jirani mmoja wa kambini, aliyekuwa akizima hita yake kwa kukata umeme wa betri. Hita ya mafuta ukiizima kwa swichi yake inaendelea kuzungusha feni kwa dakika kadhaa ili ijipoze na kufukuza moshi uliobaki. Ukiikatia umeme ghafla, joto linarudi nyuma na kuyeyusha vya ndani. Yake ilidumu msimu mmoja.

Mwaka ule nilikwenda likizo nyumbani mwezi wa Julai. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai yake si mchezo. Asubuhi ukungu umelala kwenye mashamba ya viazi na watoto wanakwenda shule wamekunja mikono ndani ya masweta. Shangazi alinipokea kwa kamwene, salamu ya huko, na kikombe cha uji, na usiku, kwa mapenzi yake yote, akaniletea jiko la mkaa chumbani. Aliliweka katikati ya sakafu, akafunga dirisha, akasukuma kanga chini ya mlango ili baridi isipenye.

"Shangazi," nikamwambia, "hili jiko tulitoe."

"Mwanangu, umezoea Ulaya. Moshi umekwisha. Hebu tazama, mkaa umekuwa mwekundu wote."

Nilitazama. Ulikuwa mwekundu mzuri, bila ndimi za moto wala moshi, na ndipo nilipoona kwamba anafanya kila jambo kwa uangalifu, kwa kipimo alichofundishwa. Aliliwasha nje. Alisubiri moshi uishe. Kwa macho na pua, jiko lile lilikuwa salama kuliko Kombi yoyote. Tatizo ni kwamba mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi, na kile chumba, baada ya kanga kuwekwa chini ya mlango, kilikuwa kimegeuka boksi lenye ufa. Hewa ya moto na hewa ya watu zilikuwa hewa moja.

Sikumhubiria. Mtu amelala hivyo miaka yote, na wazazi wake walilala hivyo, na ukimwambia jiko linaua atakutajia wote waliolala salama. Wale ambao hawakuamka hawajaja kutoa ushahidi. Nilimweleza habari za kichwa cha mke wangu. Alisikiliza, akauliza kama sasa amepona, kisha akanyamaza. Mwisho akasema kwamba kuna jirani yao, mama na mtoto, walikutwa asubuhi, na watu walisema ni ushirikina. Hatukulizungumza zaidi. Tukabeba jiko hadi jikoni, kwenye banda la nje, tukachemsha maji juu yake, tukayajaza kwenye chupa za plastiki ngumu zenye vifuniko, tukazivingirisha kwa vitenge na kuziweka miguuni. Nililala vizuri. Yeye alisema usiku ule ulikuwa na baridi kidogo.

Kila mwaka baridi inapoingia nyanda za juu, huku kwetu na Kenya, habari hizi hurudi: familia imekutwa chumbani, jiko katikati. Tunazisoma, tunasema maskini, tunageuza ukurasa. Ujerumani mkaguzi hulala chini na koti lake kufuata bomba kwa kidole. Kwetu hakuna anayekuja chumbani kukagua jiko, wala sitarajii aje. Ila sioni kwa nini ving'amuzi vya kaboni monoksaidi, ambavyo havizidi kiganja, visiwe kitu cha kawaida kwenye maduka yetu ya umeme pamoja na balbu na soketi, na kwa nini zahanati isizungumzie mkaa chumbani kwa msisitizo uleule inaozungumzia chandarua. Dalili za kichwa na kichefuchefu asubuhi ya Julai zinafanana sana na malaria, na mtu hupewa dawa akarudi kulala kwenye chumba kilekile.

Sasa mpwa wangu. Hita yake ya dizeli si mbaya kwa kuwa ni ya bei nafuu; nimeifungua moja ya aina hiyo na moto wake unawaka vizuri. Ubaya uko kwenye vitu vinavyokuja nayo. Silensa yake ya moshi imekunjwa bila kuchomelewa, na ina kitundu cha kutolea maji, kwa hiyo inavuja tangu siku ya kwanza. Lazima ikae nje ya bodi, isiwe chini ya kitanda ndani ya kabati, nilivyoona watu wengi wakifanya. Bomba lake la plastiki la mafuta ni la kutupa. Klampu zake pia. Tena yeye anataka kuitumia ukingoni mwa kreta, mita 2,300 hivi, ambako hewa ni nyepesi. Hita nyingi hupimwa kufanya kazi bila marekebisho hadi mita 1,500 tu. Juu ya hapo mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, masizi yanajaa, na moto unaanza kutoa kile ambacho hatukitaki. Kuna hita zenye marekebisho ya mwinuko, na kuna zisizo nayo. Atazame yake ni ipi kabla ya kupeleka mgeni kulala nayo Simba. Kama haina, blanketi na chupa ya maji moto vinatosha, na shangazi, ambaye kwake ni bibi, atamwonyesha namna ya kuivingirisha.

Na wewe unayekodi gari la kulala, iwe Arusha, Nanyuki au kokote penye baridi, kabla hujalipa inama uangalie chini. Fuata bomba la moshi wa hita kwa kidole, injini ikiwa baridi, toka mwanzo hadi mwisho. Lionekane linatoka nje ya bodi na halikomei chini ya dirisha wala mlango. Kisha omba uonyeshwe king'amuzi, na ukibonyeze mwenyewe. Kisipolia, usilale humo hita ikiwa inawaka.